Patrick Putnam, mzungu aliyehamisha kazi yake mpaka pale motokari inaposimama

Ukitoka Mambasa na kufuata RN4 upande wa Nia-Nia, kilometa 70 hivi mbele unafika kwenye daraja la mto Epulu. Wengi wetu tunapita hapo kila mara, juu ya moto, ndani ya jeep au juu ya mizigo ya kamio. Watoto wa hapo wanalijua jina la okapi kuliko jina lingine lolote. Lakini kabla ya jina la okapi kuwekwa kwenye vibao, pahali hapo paliitwa kwa jina la mtu: Camp Putnam. Wageni kutoka Ulaya na Marekani waliliandika hivyo kwenye barua zao, na vitabu vya zamani vinaliandika hivyo mpaka leo.

Huyo Putnam ni nani? Katika sehemu yetu ya historia leo tunaeleza maisha yake, na hatufanyi hivyo juu ya kumsifu mzungu. Kuna sababu nyingine. Kila mara watu wa Ituri, Tshopo, Haut-Uele na Kivu ya Kaskazini wanapoongea juu ya reli ya mwendo wa kasi ambayo siku moja ingevuka huku kwetu, swali la kwanza ni mwendo: itakimbia kilometa ngapi kwa saa? Swali la kituo kitakaa wapi, na mtu wa kijijini atakifikia namna gani, linakuja nyuma kabisa. Putnam hakujenga reli hata mita moja. Lakini aliishi miaka zaidi ya ishirini na lile swali la pili, na maisha yake yanalionyesha wazi kuliko makaratasi mengi.

Patrick Tracy Lowell Putnam alizaliwa mwaka 1904 huko New York, mtoto wa munganga, katika ukoo mkubwa wa Boston wenye jina na mali. Alisoma Harvard, chuo kikuu ambacho watu wa ukoo wake walikizoea kama vile sisi tunavyozoea parokia yetu. Alikuwa kijana mwenye akili nyingi na mwenye kuchoka upesi na mambo ya watu wakubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alitumwa Kongo kufanya utafiti juu ya Bambuti wa pori la Ituri. Ilikuwa arudi baada ya muda na kuandika kitabu kikubwa cha elimu. Kitabu hicho hakikuandikwa kamwe. Alichoacha cha maana ni maandishi machache, na moja kati ya hayo, juu ya maisha ya Bambuti, lilichapwa mwaka 1948 ndani ya kitabu cha mwalimu Carleton Coon.

Kwa nini hakurudi? Wanaosimulia maisha yake wanaanza na tembo. Katika siku zake za kwanza porini tembo alimjeruhi vibaya, na watu wa hapa ndio waliomtunza mpaka akapona. Tangu hapo Kongo ilimshika. Alikuwa na wake wa hapa, alijua Kingwana, alikula makemba na sombe, na Wabelgiji wengi hawakupenda namna alivyokaa karibu mno na watu weusi. Lakini tusimfanye malaika. Alikaa karibu na watu, ndiyo, lakini alikaa kama bwana, na yeye ndiye aliyeamua nani aingie na nani atoke.

Ili abaki Kongo alihitaji kazi. Akafundishwa kuwa agent sanitaire, yaani munganga mdogo wa kusaidia, na Croix-Rouge ikamweka Penge, ndani ya pori karibu na mto Ituri. Hapo alitibu vidonda, homa, buba na ukoma. Penge ilikuwa pahali pa zamani, penye watu na biashara ya mtumbwi na ya wapagazi. Lakini ilikuwa nje ya njia mpya ya motokari. Na kipindi kile ndicho Wabelgiji walikuwa wanapasua pori ili Stanleyville, Kisangani ya leo, iungane na Irumu kwa barabara.

Hapa inafaa tusimame kidogo, maana barabara hiyo yenyewe ilikuja mahali pa kitu kingine. Mwaka 1902, wakati wa Leopold II, iliundwa kampuni ya reli ya Kongo ya Juu na Maziwa Makuu, ile CFL wazee wanayoikumbuka, chini ya tajiri Édouard Empain, yule yule ambaye kampuni yake iliendesha Metro ya Paris. Kati ya kazi zilizowekwa kwenye karatasi zake ilikuwa reli ya kutoka Stanleyville mpaka Mahagi kwenye ziwa Albert. Soma tena: Stanleyville mpaka Mahagi, kuvuka Ituri yote. CFL ilijenga sehemu nyingine. Mwaka 1906 ilifungua kilometa 125 kati ya Stanleyville na Ponthierville, ambayo ni Ubundu, halafu ikashuka kusini kwenda Kindu, Kongolo, Kabalo na Albertville. Reli ya Mahagi ilibaki karatasi. Upande wa kaskazini Vicicongo ilileta reli yake nyembamba kutoka Aketi mpaka Paulis, sasa Isiro, na kuishia Mungbere. Toka mwisho wa reli ulipanda kamio za kampuni hiyo hiyo, au ulitembea kwa miguu. Pori la Epulu likabaki katikati, mbali na kituo chochote.

Basi njia ya motokari ilipofika, kwa watu wa pori ilikuwa kama reli yenyewe. Tofauti ni kwamba reli ina vituo vilivyochaguliwa na injinia, lakini barabara inasimamisha mtu pale penye sababu ya kusimama: mto, daraja, mafuta, chakula, kitanda, au bariere ya mvua.

Putnam alilielewa hilo mapema. Mapema miaka ya 1930 aliiacha Penge, akachagua pahali kando ya mto Epulu ambapo barabara mpya inauvuka. Maji yanapita juu ya mawe na kufanya kelele mchana na usiku, na kuna kivuli kizuri. Hakuchagua uzuri peke yake. Motokari yoyote iliyotoka Stanleyville kwenda Irumu, Uganda au Kivu ingepita mbele ya mlango wake, maana njia nyingine haikuwapo. Akajenga nyumba kubwa ya miti na udongo na majani, na nyumba ndogo ndogo za wageni, na dispensere.

Mwaka 1933 alioa Mary Farlow Linder, mwanamke wa Massachusetts, na huyo ndiye aliyeanza naye kambi. Fikiria mambo yalivyokuwa: mzungu mwenye maneno mengi, mama wa kizungu anayepanga meza na vitabu, wapishi wa Wandaka na Wabira, na Bambuti wanaoingia na kutoka na nyama na asali. Mgeni aliyetoka Stanleyville akiwa na vumbi mpaka kwenye meno alipata hapo maji ya kuoga, kitanda na chakula cha jioni, kisha kesho yake alipelekwa porini kuwaona Bambuti wakiwinda na nyavu. Putnam alifuga pia wanyama, sokwe na wengine, na nyakati fulani okapi, mnyama ambaye watu wa elimu wa Ulaya walikuwa wamempa jina lake mwaka 1901 tu. Habari ikaenea. Kufika kwa Putnam kukawa sehemu ya safari ya kila mtalii aliyekuwa na motokari na pesa za kutosha kuvuka Kongo.

Sasa linganisha Penge na Epulu. Mtu ni yule yule. Dawa ni zile zile, pori ni lile lile, Bambuti ni wale wale. Penge hakuna mtalii aliyekwenda kulala, Epulu walikuja. Kitu kilichobadilika ni umbali kati ya mlango na gurudumu. Watu wa safari wanahesabu hivyo hata kama hawajui kwamba wanahesabu. Mtu hapimi tu saa atakazokaa ndani ya gari. Anapima kutoka kitandani kwake mpaka kitandani anakokwenda, na pale katikati penye kutembea, kusubiri, kuvuka mto na kutafuta wa kumbebea mizigo, hapo ndipo anakata tamaa. Mombasa na Nairobi wameliona hilo tangu mwaka 2017, walipofungua reli mpya. Gari moshi linakwenda vizuri, lakini kituo cha Nairobi kiko Syokimau, nje ya katikati ya mji, na kile cha Mombasa kiko Miritini. Abiria akishuka Nairobi anapaswa kutafuta gari moshi lingine dogo au matatu ili afike mjini. Muda uliookolewa njiani unaweza kuliwa pale kituoni.

Turudi Epulu, maana kulikuwa na abiria wa aina nyingine ambao vitabu vya watalii havikuwajali sana. Hao ni wagonjwa. Dispensere ya Putnam ilivuta watu kutoka pande zote za barabara na kutoka ndani ya pori. Wenye ukoma walikuja wakakaa, wengine kwa miaka, na makao yao yakawa sehemu ya kijiji. Hao hawakuwa na motokari. Kwa mgonjwa wa miguu, barabara haikuwa kasi, ilikuwa tu ardhi iliyo wazi ambayo unaweza kutembea bila kupotea na bila kuzama kwenye tope mpaka kiunoni. Lakini kwa yule aliyebaki karibu na Penge, kuhama kwa munganga kulikuwa hasara. Ukisogeza kituo karibu na mmoja, umekisogeza mbali na mwingine.

Tena kuna jambo ambalo wazee wa Ituri wanalijua na ambalo haifai tulipite. Barabara ile haikutengenezwa na mashini. Ilitengenezwa na mikono ya watu walioamriwa, na ikalindwa na mikono hiyo hiyo kila mwaka. Serikali ya Wabelgiji ilitaka vijiji visogee kando ya barabara ili iwe rahisi kuhesabu watu, kukusanya kodi na kupata wafanyakazi. Wabira, Wandaka, Walese na Wabudu waliacha mashamba na makaburi yao ndani ya pori wakapangwa mstari mmoja, nyumba kwa nyumba, kando ya njia. Kwa hiyo tukisema kwamba barabara iliwakaribia watu, tuseme pia kwamba watu walisogezwa kwa nguvu ili waikaribie. Putnam alikuta vijiji hivyo vinajengwa, na kambi yake ilipata wafanyakazi kutoka huko. Yeye alichagua kukaa barabarani. Jirani zake wengi hawakuulizwa.

Na Bambuti? Wao barabara haikuwahamisha wakati ule kama ilivyohamisha wanavijiji. Walibaki na kambi zao porini, wakaja barabarani walipotaka chumvi, tumbako, chuma na makemba. Lakini barabara ilimfungulia mtalii mlango wa kuwafikia wao. Putnam aliwapenda, hilo halina shaka, na aliwajua kuliko mzungu yeyote wa wakati wake. Hata hivyo biashara ya kambi ilikaa juu ya mabega yao: mgeni alilipa ili awaone. Malipo yao yalikuwa vitu vidogo. Wengine watasema ndivyo dunia ya siku zile ilivyokuwa. Sawa, lakini mpaka leo kuna watu wanaoshuka kwenye gari hapo darajani, wanapiga picha ya Mbuti na kuondoka.

Mary Linder alifariki mwaka 1937, kijana bado. Kwa Putnam lilikuwa pigo, na wanaomfahamu kwa njia ya maandishi wanasema kambi haikuwa tena ile ya mwanzo. Baadaye alioa Emilie Baca, naye Mmarekani, kutoka New Mexico. Ndoa hiyo haikudumu.

Halafu vita vya pili vya dunia vikaja. Hapo ndipo unaona kwamba kuwa karibu na njia hakutoshi. Nyumba ilikuwa pale pale, daraja pale pale, mto unapiga kelele kama kawaida, lakini motokari za watalii zilikoma. Meli hazikuleta watu kutoka Ulaya, mafuta na mipira ya magurudumu ilikuwa ya vita. Watu wa vijiji walirudishwa porini kutafuta mpira wa kumpelekea mzungu, kazi ambayo babu zao waliichukia tangu wakati wa Leopold. Putnam mwenyewe alifanya kazi ya serikali ya Marekani hapa Kongo katika miaka ile. Kambi ilisubiri.

Vita vilipokwisha alirudi Epulu na mwanamke wa tatu wa kutoka Marekani, mchoraji Anne Eisner, aliyezaliwa mwaka 1911 huko Newark, karibu na New York. Walifika Kongo pamoja mwaka 1946 na wakaoana mwaka 1948. Kwa maoni yetu Anne ndiye aliyebeba kambi katika miaka yake ya mwisho, ingawa jina kwenye kibao lilikuwa la mumewe. Alihesabu sahani, aliwapokea wageni, alikaa muda mrefu na Bambuti ndani ya kambi zao za uwindaji, na alichora. Aliandika pia hadithi nyingi zilizosimuliwa na watu wa hapa, kazi ambayo mumewe alitumwa kuifanya na hakuimaliza.

Miaka hiyo baada ya vita ilikuwa mizuri kwa barabara. Ndege zilifika Stanleyville, magari ya Marekani yenye nguvu yalikuwa mengi, na wasafiri wa kutoka Kenya na Uganda walivuka mpaka na kupita Irumu wakielekea magharibi. Mwaka 1951 kijana Mwingereza, Colin Turnbull, alifika kwa pikipiki pamoja na rafiki yake Mmarekani, Newton Beal. Hakutumwa na chuo wala serikali. Alikuwa anapita tu njiani kuelekea kwao, akasikia kuna mtu anaitwa Putnam, akaingia. Alikaa, akasikia nyimbo za Bambuti usiku, na maisha yake yakageuka. Alirudi mwaka 1954, akarudi tena miaka ya mwisho ya 1950, na mwaka 1961 akatoa kitabu juu ya watu wa pori ambacho kilisomwa duniani kote. Watu wengi wa nje waliowahi kusikia jina la Ituri walilisikia kupitia kwa Turnbull. Na Turnbull alisimama Epulu kwa sababu palikuwa na mahali pa kusimama. Kama Putnam angebaki Penge, tusingethubutu kusema kijana yule wa pikipiki angefika huko.

Lakini Putnam mwenyewe alikuwa anakwisha. Mapafu yake yaliharibika, pumzi ikawa fupi, akawa mtu wa kubebwa kwenye kiti. Ugonjwa ulimgeuza. Aliyekuwa mcheshi akawa mkali, mwenye kushuku kila mtu, akawatisha wafanyakazi aliokuwa amekaa nao miaka, na nyumba iliyokuwa ya kicheko ikawa ya hofu. Bambuti, ambao hawapendi kelele za hasira, walirudi porini. Anne alibaki. Wageni waliofika siku hizo walikuta vitanda, walikuta mto, lakini hawakukuta tena mwenye nyumba waliyesikia habari zake.

Na hapo hapo, mwaka 1952, kitu kingine kilianza upande wa jirani. Jean de Medina, Mreno, alianzisha kituo cha kukamata okapi ili wapelekwe kwenye bustani za wanyama za Ulaya na Marekani. Bambuti walijua mahali okapi anapita, mashimo yakachimbwa na kufunikwa kwa majani, mnyama akaanguka bila kuvunjika, akapelekwa kwenye uzio. Kwa nini Medina naye alichagua Epulu, na si mahali pengine katika pori lote hili? Okapi hawakai Epulu peke yake. Lakini okapi aliye hai ni abiria mgumu kuliko watu wote: hawezi kutembezwa siku tatu kwa kamba, hawezi kubebwa kichwani. Anahitaji kamio inayoweza kufika karibu na uzio wake. Daraja na barabara, pamoja na kijiji chenye wafanyakazi waliozoea kazi na wageni, vyote vilikuwa tayari pale. Putnam alikuwa amekwisha kuufanya mahali hapo kuwa kituo.

Patrick Putnam alifariki Desemba 1953 hapo hapo Epulu, akiwa na miaka 49. Anne aliondoka Kongo mwaka uliofuata, na mwaka huo huo wa 1954 kitabu chake juu ya maisha ya kambi kilitoka Marekani. Aliendelea kuchora Ituri akiwa mbali nayo mpaka kifo chake mwaka 1967. Nyumba kubwa ya kambi haikuwa ya matofali. Ilikuwa miti, udongo na majani, na nyumba ya namna hiyo inahitaji mtu wa kuirudishia majani kila mara. Hakupatikana. Mvua na mchwa walimaliza kazi kwa miaka michache, na Turnbull aliporudi alikuta pori linakula bustani.

Lakini kijiji hakikufa. Kambi ya mzungu ilipokwisha, watu walibaki, wagonjwa walibaki, na kituo cha okapi kiliendelea na kurithi wageni. Baada ya uhuru kikapita katika uasi wa 1964, kikapita katika miaka ya barabara kuharibika, wakati kamio moja ilikaa wiki nyingi ndani ya shimo moja. Mwaka 1992 hifadhi ya okapi, RFO, ilianzishwa, ikiwa na ukubwa wa kilometa za mraba 13.700 hivi, na mwaka 1996 UNESCO iliiandika kwenye urithi wa dunia. Mwaka uliofuata, kwa sababu ya vita, ikaingizwa kwenye orodha ya hifadhi zilizo hatarini. Juni 2012 watu wa Morgan walishambulia Epulu, wakaua watu na okapi 14 waliokuwa ndani ya uzio. Njia iliyoleta watalii na wagonjwa iliwaletea pia wenye bunduki. Hatusemi hivyo ili kuilaumu barabara. Tunasema kwa sababu anayeishi kituoni anapokea kila anayeshuka.

Leo ukifika hapo darajani hutakuta kibao chenye jina la Putnam mbele ya hoteli. Utakuta bariere, kamio zilizosimama, wamotari wanaongoja abiria, na mama wanaouza makemba ya kuchoma na samaki. Dereva anayetoka Kisangani bado anapanga safari yake kwa kuhesabu pahali atakapolala: Nia-Nia, Epulu au Mambasa. Penge haimo kwenye hesabu yake, na reli ya Mahagi bado haijafika.